Kichwa cha Rohu

Katika ukoo wa akina Sarma, nje kidogo ya mji wa Nalbari, hakuna mwanamke aliyewahi kula kichwa cha samaki. Vichwa ni vya wanaume, mgongo ni wa wageni, tumbo lenye mafuta ni la watoto, na mkia ni wa mpishi. Hemaprabha alikuwa mpishi wa nyumba hiyo kwa miaka thelathini na sita, kwa hiyo mikia aliijua vizuri sana. Sasa mumewe Tarini, karani mstaafu, alikuwa na siku kumi na mbili tangu afariki, na hata huo mkia ulikuwa unamponyoka.

Wabrahmini wa kwingine India, tabaka la makuhani wa Kihindu, tunaambiwa, hawagusi samaki kabisa. Wetu wa huku Assam wanamla mchana na jioni, na ukiwauliza watakusomea aya inayowaruhusu. Aya ya kumruhusu mjane haijaonekana bado. Pengine hakuna aliyepata nafasi ya kuitafuta. Mume akifa, mke huvaa nyeupe, hufuta rangi nyekundu ya ndoa utosini, na samaki huwa anamwona kwenye sahani za wenzake mpaka siku naye atakapochomwa. Mke akifa, mume hula samaki siku ya kumi na tatu. Kamaleswar, kaka mkubwa wa Tarini, alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita, na siku ya samaki alikula vichwa viwili: kimoja chake na kingine, alisema, kwa niaba ya marehemu.

Huyu Kamaleswar, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Msiba haukuweza kwisha bila yeye. Kwa siku kumi na mbili ndugu wote walikuwa wakila wali mkavu na ndizi, na hakuna ambaye angeonja samaki mpaka yeye ameze tonge la kwanza. Alijua hivyo, na alikuwa akitembea kifua mbele kwa siku zote kumi na mbili.

Basi asubuhi ya siku ya samaki nyavu zilitupwa katika bwawa la nyuma ya nyumba, na miongoni mwa samaki waliotoka alikuwamo rohu mmoja mwenye kichwa kama mtungi mdogo. Kila mtu alimjua. Tarini alimlisha pumba za mpunga kwa mkono wake miaka mitano, akimtunza kwa ajili ya siku ambayo mjukuu angeonjeshwa wali wa kwanza, na huyo mjukuu hajazaliwa mpaka leo.

Kamaleswar alisimama ukingoni akimtazama yule samaki kwa huzuni iliyochanganyika na mate.

"Maskini Tarini," alisema. "Kichwa hicho kikatwe kizima. Kisipasuliwe."

Kisha akakohoa, akamgeukia Bhargav, mwana pekee wa marehemu, aliyekuwa amesimama hapo na kipara chake kipya cha msiba.

"Bhargav, mwambie mama yako leo asikaribie jiko la samaki. Apike dengu zake kwenye chungu chake, huko uani. Na kuanzia leo maisha ni hayo. Ni kwa faida ya roho ya mumewe."

Mama mwenyewe alikuwa hatua tatu nyuma yake, na ndoo ya maji mkononi, akisikia kila neno. Lakini kwetu mke hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Hamwiti, hamjibu, hamtazami usoni. Akipita, mtandio huvutwa mpaka kidevuni, na wakigusana hata kwa bahati mbaya inabidi wote wawili wakaoge. Kwa miaka thelathini na sita Hemaprabha na Kamaleswar walikuwa wamekula mchele wa shamba moja bila kupeana hata salamu. Maneno yote yalipita kwa Tarini, na sasa Tarini alipokuwa majivu, kazi hiyo ilimwangukia mwanawe.

"Mama," Bhargav alisema akigeuka nusu, "Baba mkubwa anasema..."

"Nimesikia. Mwambie baba yako mkubwa nimesikia. Muulize, mchuzi wa tenga atapika nani?"

"Baba mkubwa, mama anauliza..."

"Mwambie mkwe wake yupo. Amesoma mpaka chuo kikuu, kuchemsha samaki hakutamshinda."

Hemaprabha aliweka ndoo chini, akaenda kukaa uani karibu na ghala la mpunga. Alipenda samaki kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na zaidi ya yote alipenda tenga, ule mchuzi mwepesi mchachu ambao bila huo siku ya joto kwetu haihesabiki kuwa na chakula. Wali mkavu na ndizi alivumilia, kwa sababu alimlilia mumewe kwa dhati. Lakini aliposikia "maisha ni hayo", machozi yalianza upya, na safari hii, aibu ilioje, alikuwa akimlilia samaki.

Mkwe wake, Jonali, alitoka Sivasagar, upande wa juu wa mto, na watu wa huku chini wana maoni yao kuhusu watu wa kule juu. Shangazi Punyada, dada wa marehemu, alikuwa amemkaribisha jikoni kwa kusema, "Kuwa mwangalifu, mwanangu. Huko kwenu mnatia nyanya mpaka kwenye chai."

Jonali aliweka karai kubwa motoni. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na nje yake, kwa umbali unaoruhusiwa kabisa, mama mkwe alikuwa amekaa akichambua dengu zake na kuongea na hewa.

"Mafuta ya haradali yakianza kutoa moshi, ndipo utie uwatu. Ukishakuwa na rangi ya mchanga wa mto, mwaga maji. Usingoje uwe mweusi, utakuwa mchungu, na watasema ni machozi yako."

"Ndiyo, mama."

"Hakuna kitunguu. Hakuna kitunguu saumu. Anayetia kitunguu kwenye tenga ana jambo la kuficha. Sasa fungua mtungi wa thekera."

Thekera ni tunda chachu linalokatwa vipande na kuanikwa mpaka linakuwa jeusi kama ngozi ya kiatu. Hemaprabha alianika la kwake mwenyewe kila mwaka, juu ya paa, akilinda na fimbo.

"Vipande saba, vile ulivyoloweka. Usizidishe. Nyanya nje, limau nje."

Baada ya muda mvuke ulitoka dirishani. Hemaprabha aliinua uso, akavuta pua mara moja. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Hakuwahi kuonja. Miaka yote hiyo hakutia tone mdomoni kabla ya watu kula. Alifunua chungu, akanusa, akajua. Tarini alikuwa akijisifu nayo sokoni: "Ninyi wenzangu mna wake. Mimi nina pua."

"Mchuzi uko sawa," alisema. "Tia vipande vya chungu cha kwanza, vile vya wazee. Vingine viache kwenye ungo pamoja na kichwa, vingoje chungu cha pili. Funika. Asikaribie mtu."

Jonali alifunika, na papo hapo akaitwa nje kuwapelekea wageni sinia la popoo na tambuu.

Shangazi Punyada aliingia jikoni akitazama nyuma. Alikuwa na tunda chachu la ou ndani ya mtandio wake, kubwa kama ngumi mbili. "Kaka yangu alikua kwa ou," alikiambia chungu. "Leo ni siku yake, si ya mtungi wa mtu." Alilikata, akaliponda, akalitumbukiza lote.

Alipotoka, aliingia Labanya, mke wa binamu yao, ambaye mchuzi wa kwao huchachushwa kwa limau na si kitu kingine, na anayeamini kwamba thekera huleta maumivu ya magoti. Alikamua malimau manane. La tisa lilimponyoka, likaingia zima, akaliacha humo.

Uani, pua ya Hemaprabha ilishtuka.

"Jonali! Nani yuko jikoni?"

"Hakuna mtu, mama Bhargav!" alijibu Labanya kutoka jikoni.

Ndugu sitini waliketi kwenye mikeka kwa safu, kila mmoja na jani lake la mgomba mbele na rundo la wali juu yake. Mnajimu alikuwa amesema samaki aliwe kabla ya saa nane mchana; ikipita hapo, siku nyingine njema ni baada ya siku nne. Hakuna aliyetaka kuzifikiria siku nne nyingine za ndizi.

Kamaleswar aliletewa bakuli. Aliliinua kwa mikono miwili, akasema maneno machache kuhusu udugu na kujinyima, akanywa.

Jicho lake moja lilijifumba lenyewe. Mashavu yaliingia ndani. Meno yake mapya, aliyotengenezewa mjini Guwahati mwezi uliopita, yalisogea upande wa kushoto yakabaki huko. Watu sitini walisubiri. Alitia kidole mdomoni, akayarudisha meno mahali pake, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mmepikia maji ya betri?"

Jikoni palichimbika. Jonali aliapa kwamba alitia saba na si zaidi, mama alimwongoza. Kisha akaingiza upawa, na upawa ukatoka na bonge la ou. Akaingiza tena, ukatoka na limau zima.

"Na hili?" alisema Jonali. "Limeruka lenyewe kutoka mtini?"

"Mimi nilitia kidogo tu," alisema Shangazi Punyada. "Kwa mapenzi."

"Mimi nilidhani hakuna aliyetia," alisema Labanya.

"Haya. Mimi ni mtu wa kutia nyanya kwenye chai." Jonali aliweka upawa sakafuni, akaketi kando yake. "Pikeni wenyewe. Sigusi tena."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Kila mmoja alikuwa tayari kupika, na kila mmoja alikuwa radhi afe kuliko kumwachia mwenzake. Huko nje ilikuwa saa saba na robo. Mzee mmoja kutoka mji wa Tihu alianza kulamba wali mtupu vidoleni, akakonyezwa na mkewe.

Kamaleswar alikuja mpaka mlango wa uani, akasimama akiitazama anga.

"Bhargav. Mwambie mama yako nimefikiri. Kilichokatazwa ni kula. Mikono haili. Aingie apike."

"Mama, Baba mkubwa anasema mikono..."

"Nimesikia habari za mikono."

Aliinuka, akajifuta vumbi la dengu, akaingia. Alimwaga ule mchuzi nyuma ya nyumba, ambako majani yake mpaka leo yana rangi isiyoeleweka. Akasugua karai kwa majivu. Mafuta yalitoa moshi, uwatu ulilia, manjano yakaingia, maji ya moto yakafuata, kisha thekera, pilipili mbichi tatu zilizopasuliwa, na mwisho samaki waliokuwa kwenye ungo, na kichwa juu yao kikitazama dari. Harufu ilitoka ikaenda mikekani, na mazungumzo yakakatika. Hemaprabha alivuta pua mara moja. Mchuzi ulikuwa sawa. Alijua kama anavyojua jina lake.

Akafunika, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakibana.

"Muulize mama yako kama umeiva," ilisema sauti ya Kamaleswar nyuma ya pazia la mlango wa jiko.

"Mama, Baba mkubwa anauliza..."

"Mwambie sijui. Sijaonja."

Shangazi Punyada alitazama sakafu. Jonali alitazama paa. Labanya akaanza kuosha upawa uliokuwa safi.

"Kwani huwa anaonja?" aliuliza Kamaleswar.

Bhargav alikulia katika jiko lile. Alifungua mdomo, akaona mkono wa mama yake juu ya kifuniko, mkono uliokonda kwa siku kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza alimdanganya baba yake mkubwa.

"Huonja, Baba mkubwa. Kila siku."

Tumbo la mtu lilinguruma, na halikuwa la mgeni.

"Basi mwambie hivi. Tone moja kwenye ulimi si kula. Ulimi ni kizingiti tu, kula kuko tumboni. Aonje, ateme."

"Mwambie mchuzi mtupu hudanganya," alisema Hemaprabha. "Uchachu hujulikana ukishashika wali."

"Punje tatu!"

"Mwambie wali bila samaki ni uleule mchuzi mtupu. Huyu rohu ana mafuta, anaunywa uchachu. Nisipomwonja yeye, nitabahatisha. Nikibahatisha, yale maji ya betri yanaweza kurudi."

Walimsikia Kamaleswar akiyagusa meno yake.

"Kipande," alisema. "Kidogo. Cha mkia."

"Mwambie mkia haunywi kitu, ni mkavu. Mkia naujua mimi." Akakibana kifuniko zaidi. "Kinachonywa mchuzi ni kichwa."

Sasa mikekani walikuwa wamesikia, kwa sababu pazia ni nguo tu. Hakuna aliyecheka, ila mabega kadhaa yalitikisika.

"Kichwa kina mwenyewe," alisema Kamaleswar.

"Mwambie najua. Na mwenyewe akitaka ningoje, nangoja. Nina dengu zangu."

"Saa nane kasoro dakika ishirini!" alipaza sauti yule mzee wa Tihu. "Kamal, ndugu yangu, mpe mama wa watu kichwa tule! Utakula kingine siku nyingine, wewe hujakatazwa!"

Hapo walicheka, wote sitini, hata watoto wasiojua kinachochekwa. Kamaleswar alisubiri kicheko kiishe, kikakawia kuisha.

"Aonje," alisema, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi hati ya kuuza shamba.

Hemaprabha hakula nyuma ya mlango. Alileta kigoda mpaka kizingitini, mahali ambapo safu zote zilimwona, akaketi, na Jonali akamwekea jani, wali, mchuzi, na kichwa cha rohu kizima.

Kichwa cha samaki hakiliwi kwa haraka. Kina vyumba vyake. Alianza na shavu, akaja kwenye nyama ya nyuma ya jicho, akapasua fuvu kwa vidole na kunyonya ubongo uliolainika na uchachu. Kila mfupa aliunyonya pande zote mbili kabla ya kuuweka kando ya jani, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Watu sitini walimtazama wakiwa na wali unaopoa mbele yao, na mara kwa mara mtu alimeza mate kwa sauti.

Tarini ndiye aliyemwambia. Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kila alipojipakulia kichwa, alisema vilevile kwa uso wa huruma: "Kichwa ni mifupa mitupu, Hema. Utajichoma bure. Niachie mimi mateso haya." Naye alimwamini. Alimwonea hata huruma, akimwona mumewe anavyohangaika na mifupa huku yeye akifaidi mkia wake.

Na sasa mafuta ya kichwa yalikuwa yanayeyuka chini ya ulimi wake, matamu kwenye uchachu, na hakuna mkia duniani uliowahi kukaribia hapo.

"Mwongo," alisema.

Bhargav aliinama. "Mama?"

"Baba yako. Mwongo mkubwa yule." Alikuwa akilia na kucheka na kutafuna, yote pamoja, na machozi yalidondokea kwenye jani. "Miaka thelathini na sita! Angekuwa hai leo ningempiga na upawa." Alimpenda na alimkasirikia, na alitamani kwa moyo wote awepo hapo anyang'anywe kile kichwa mbele ya macho yake.

"Bhargav!" Kamaleswar alikuwa ameshika saa. "Mwambie mama yako atoe jibu. Na mwambie hili ni la leo tu. Kesho ni dengu."

Hemaprabha aliuweka mfupa wa mwisho mahali pake. Alinawa mkono. Kisha akaushika mtandio wake kwenye ukingo, akausukuma nyuma mpaka utosini, na kumtazama kaka wa mumewe usoni. Aligundua kwamba ana chunjua kwenye kidevu, hakuwa akijua.

"Shemeji," alisema.

Mzee wa Tihu alijiinua ili aone vizuri.

"Chumvi iko sawa. Uchachu uko sawa. Ila samaki wa kesho si huyu wa leo. Itabidi nionje tena."

Kamaleswar alimgeukia Bhargav, kwa mazoea, akangoja maneno yaletwe.

"Umemsikia mwenyewe, Baba mkubwa," alisema Bhargav.

Jonali alikuwa ameshapita na chungu. Alipofika kwenye jani la mkubwa wa ukoo alichota mchuzi kwanza, akaumwaga vizuri kuzunguka wali, kisha akaingiza upawa chini kabisa na kumwekea kipande kilichobaki katika yule rohu mkubwa. Kilikuwa mkia.

Kamaleswar aliutazama mkia, akatazama saa. Ilikuwa imebaki dakika mbili, na ndugu sitini walikuwa wameshika matonge hewani wakimngoja ameze. Akala. Kisha, bila kupitia kwa mtu, akainua jani lake kidogo kuelekea kwa Hemaprabha na kumwomba amwongezee mchuzi.